Namna ya Kuchagua Kamera ya Kwanza kwa Fedha Kidogo Mbeya na Iringa

Mtu anayenunua kamera yake ya kwanza aghalabu huanza kwa kuulizia megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, na muuzaji humjibu haraka kwa sababu namba hiyo ni rahisi kuitaja. Ushauri wangu ni kwamba swali hilo liwekwe kando kwanza. Kamera ya Canon EOS 1200D, iliyotoka mwaka 2014, ina megapikseli 18, na hizo zinatosha kabisa kusafisha picha kubwa ya kutundika sebuleni, sembuse picha ya kutumiwa mteja kwa WhatsApp. Kinachotakiwa kuamuliwa mapema ni kazi, kwa kuwa kazi ndiyo itakayoonyesha fedha iende wapi: kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi), kwenye lenzi, kwenye flashi au kwenye sauti.

Anayetaka kupiga maua ya Kitulo, Ziwa Ngozi au Daraja la Mungu pale Kiwira anafanya kazi mchana, kwenye mwanga wa kutosha, na lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera itamtosha kwa muda mrefu. Anayelenga wanyama wa Ruaha anahitaji lenzi ndefu inayofika milimita 250 au 300, naye asidanganyike kwamba atasogea karibu. Wengi wetu, hata hivyo, tunatafuta riziki kwenye sendoff, harusi, kipaimara na mahafali, na huko sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani ya kanisa au ukumbi wenye mwanga hafifu. Kwa mtu wa namna hiyo, kumaliza fedha zote kwenye bodi mpya ni kosa litakaloonekana kwenye picha za kwanza kabisa. Ukiwa na shilingi 900,000, kwa mfano, bodi na lenzi yake ya kuanzia zisizidi 600,000, na kinachobaki kitengwe kwa ajili ya lenzi ya pili, flashi, betri ya akiba na kadi.

Kwa bajeti kama hiyo ni busara kutafuta kamera iliyokwisha kutumika. Upande wa Canon, 1300D ya mwaka 2016 inaizidi 1200D kwa jambo moja kubwa, nalo ni Wi-Fi, kwa maana wateja wa leo wanataka picha kadhaa kwenye simu kabla sherehe haijaisha. Kamera ya 4000D huvutia kwa kuwa ni mpya kuliko hizo na bei yake ni ya chini, lakini mahali inapofungiwa lenzi pametengenezwa kwa plastiki, na sehemu ya juu ya kupachikia flashi haina ile pini ya katikati, hivyo flashi nyingi rahisi za kampuni nyingine hazitawaka. Kasoro hiyo ya pini ipo hata kwenye 250D, ambayo kwa mengine ni kamera nzuri. Ukiangalia kamera yoyote ya Canon ya miaka ya karibuni, tazama hapo juu kwa macho yako, kisha pachika flashi uliyokusudia kuitumia na upige kabla ya kulipa.

Nikon D3200, D3300, D3400 na D3500 zote zina sensa (sehemu ya ndani inayonasa picha) nzuri ya megapikseli 24. Tahadhari ni kwamba bodi za familia hiyo hazina ndani yake mota ya fokasi, yaani ya kulenga ili picha itoke wazi. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D zitashika, lakini utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S, ambazo zina mota yao wenyewe. Zile za AF-P hazifanyi fokasi kwenye D3200, kwa hiyo usinunue lenzi ya namna hiyo kabla hujajua bodi yako inaipokea.

Anayetaka kurekodi video za mahojiano au kwaya aangalie ubavuni kama kuna tundu la maikrofoni. D3200 na D3300 zinalo. D3400 na D3500 hazina, na wala 1200D na 1300D hazina. Canon 600D na 700D zinalo, tena kioo chao cha nyuma cha kutazamia picha kinageuka mbele, na ndiyo maana mpaka sasa wapiga video wengi wanazishikilia.

Ukaguzi wa kamera ya mtumba ufanywe mchana, bila haraka, na muuzaji anayekataa ukaguzi aachwe na kamera yake. Anza na lenzi: ifungue kwenye bodi, washa tochi ya simu upande wa nyuma na uchungulie kwa mbele. Vumbi kidogo si tatizo. Kuvu ndiyo tatizo, nayo huonekana kama nyuzi za buibui zilizotandaa kuanzia ukingoni mwa kioo, na huwapata sana watu wa Tukuyu na Kyela kwa sababu ya unyevu. Lenzi yenye nyuzi hizo usiichukue hata kwa bei ya kutupa, maana kuisafisha kunahitaji fundi wa kuifungua yote, na asidi inayotolewa na kuvu huweza kuwa imekwisha kula rangi ya kinga iliyo juu ya kioo. Kisha rudisha lenzi, weka tundu lake la mwanga kwenye f/22, yaani liwe dogo sana, piga picha ya ukuta mweupe au anga, na uikuze kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Madoa meusi yenye ukungu ni vumbi kwenye sensa, ambalo husafishika. Mkwaruzo ulionyooka hausafishiki.

Uliza pia shata, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga, imepiga picha ngapi. Kamera za daraja hili kwa kawaida hukadiriwa kufikisha picha 100,000 hivi, ingawa nyingi huzidi hapo. Kwenye Nikon, hesabu hiyo imefichwa ndani ya faili la picha yenyewe na programu ya kompyuta huisoma. Kwenye Canon nyingi ndogo ni lazima kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya. Bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu, fungua mlango wa betri na wa kadi mara kadhaa. Mwisho, linganisha namba iliyo chini ya bodi na ile ya kwenye boksi au risiti, kwa kuwa kamera ya wizi itakuletea matatizo hata kama uliinunua kwa nia njema. Ukiagizia Kariakoo na kuletewa kwa basi hadi Mbeya au Iringa, omba ndugu au rafiki aliyeko Dar es Salaam afanye ukaguzi huu kabla fedha haijatoka.

Sasa lenzi ya pili, ambayo kwangu ndiyo ununuzi muhimu kuliko wote. Lenzi ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho hufunguka f/5.6 tu, ilhali lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa) huingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kumpiga bibi harusi kanisani bila picha kutikisika wala kujaa chenga. Canon wana EF 50mm f/1.8 STM ya bei nafuu. Kwenye bodi hizi ndogo, milimita 50 huona eneo jembamba, kwa hiyo katika sebule ndogo utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta; mwenye Nikon atafurahia zaidi AF-S DX 35mm f/1.8G.

Betri ya akiba ni ya lazima huku kwetu. Mwezi Juni na Julai, asubuhi ya Makete au Njombe, baridi hupunguza nguvu ya betri waziwazi, basi ile ya pili iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. 1200D na 1300D hutumia LP-E10, 600D na 700D hutumia LP-E8, na Nikon nilizozitaja hutumia familia ya EN-EL14. Stendi nunua yoyote isiyoyumba ukiigusa juu. Begi nalo liwe tu na sifongo na mfuniko wa mvua.

Ukitoka kwenye baridi kali na kuingia chumba chenye jiko la mkaa na watu wengi, lenzi hufunikwa na matone mara moja. Ifungie kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo ipate joto polepole, kisha uitoe. Nyumbani ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, wala si kwenye mkoba wa ngozi kabatini.

Kadi nunua mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika usipoteze harusi nzima. Kadi bandia ni nyingi sokoni: huandikwa GB 64 wakati ndani yake mna nafasi ndogo mno, na picha hupotea bila onyo. Siku uliyonunua, ijaze kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, ambayo ni ya bure, na ikionyesha upungufu irudishe dukani na risiti yako kabla hujaipeleka kwenye kazi ya mtu.