Karata za duara za Kihindi kwa kanga chakavu

Jamani karata za duara mmeshaziona? Wahindi wanaziita ganjifa, seti ya Kimughal ina karata 96, rangi nane (mafungu, kama vile kopa na shupaza), kila rangi karata 12 yaani mfalme, waziri na namba moja mpaka kumi, zote zinachorwa kwa mkono. Sisi hapa Chake Chake, Pemba, tushazoea kopa na shupaza za dukani lakini hizi ukizishika ni kitu chengine.

Mie nafata njia ya Odisha, jimbo la mashariki ya India, wao wanaziita ganjapa, na kazi yote iko kwenye gundi. Ukishakamua juisi ya ukwaju zile kokwa usitupe! Roweka siku mbili tatu, menya ganda, saga, halafu pika kwa moto mdogo unakoroga tu mpaka ivute kama uji mzito. Chukua kanga kuukuu ya pamba tupu (hizi zenye nailoni gundi haishiki, nshajaribu), paka, weka tabaka la pili juu yake, kandamiza upepo wote utoke. Ikikauka changanya unga wa chaki na gundi hiyohiyo upake pande zote mbili, mara mbili, na kila mara usubiri ikauke kweli, mie masika iliyopita nilifanya haraka na unyevu ule wa Pemba karata zote zikajikunja kama chapati.

Sasa sugua. Odisha wanatumia jiwe laini, mie natumia kauri ya pwani, na nasugua mpaka mkono uniume maana hapo ndo nguo inang'aa na kuwa ngumu. Kata duara kwa kufatisha kifuniko cha chupa ya maziwa ya unga au chochote kinachokaa kiganjani.

Mgongo paka rangi moja tu, usiache hata doa, mwenzio akiikariri karata mchezo umekwisha. Mbele, kule Sawantwadi, mji wa magharibi ya India, wanachora avatari kumi za Vishnu, yaani maumbo kumi ya mungu huyo wa Kihindu, kila moja na rangi yake, ndo seti inafika 120. Mie nachora karafuu, nazi, pweza, ngalawa, yaani tano ya karafuu ni vikonyo vitano basi. Nyeusi nafanya kwa masizi ya kibatari, rangi nyengine za dukani. Malizia na vanishi.

Anza na rangi moja, karata 12, usijitie 96 siku ya kwanza. Na ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, mende wanaipenda gundi ile kuliko mkate.