Amri moja, machaguo tofauti

Wenzangu wa Mombasa mnaojenga programu wenyewe kutoka msimbo chanzo, hasa mwenye Linux kazini mjini na Mac nyumbani Likoni: amri `install`, inayonakili faili na kuziweka mahali pake, ipo kote, ila machaguo yake hayafanani. Kwenye Linux, `install -D` huunda folda zinazokosekana kisha hunakili faili. FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, nayo ina `-D`, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Afadhali ugawe mara mbili, kwanza folda kisha faili (hapa `hesabu` ni programu yako):

`install -d $HOME/zana/bin`
`install -m 755 hesabu $HOME/zana/bin`

Hizo hukubalika pande zote.

Inayotesa watu zaidi ni `sed -i`, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili lenyewe, na hati nyingi (faili za amri) za kujenga programu huitumia. Linux huipokea ikiwa peke yake. Mac na FreeBSD hudai kiambishi cha nakala (mwisho wa jina la nakala ya faili la zamani, kama `.bak`), na usipokiweka huchukua neno linalofuata kuwa ndicho. Ndiyo maana unapata kosa lisiloeleweka. Andika `sed -i.bak`, bila nafasi katikati. Itapita kote, na faili la zamani utabaki nalo. Tafadhali wekeni hivyo hata kwenye hati mnazowagawia wengine.

Una Makefile (faili la maelekezo ya kujenga programu) iliyoandikwa kwa `make` ya GNU, nawe uko FreeBSD? Tumia `gmake`.