Kura ya gavana wa Maine: yaweke sawa haya kabla ya Juni

Tarehe 3 Novemba 2026 watu wa jimbo la Maine, Marekani, watachagua gavana mpya. Janet Mills alichaguliwa 2018, akarudi 2022, na katiba ya jimbo haimruhusu kuunganisha kipindi cha tatu. Kiti kiko wazi, wagombea wamejaa, na simu zetu zimeanza kulia kwa namba tusizozijua. Nimewahi kukaa vituoni nikiwatafsiria wazee wetu hapa Lewiston, na wengi niliowaona wakirudi nyumbani bila kupiga kura walikwamishwa na jambo dogo ambalo lingemalizwa wiki tatu nyuma, jikoni, chai ikiwa mezani.

La kwanza ni uraia, na hapa sitanii. Kura ya gavana ni ya raia wa Marekani mwenye miaka 18 na kuendelea, basi. Mwenye grin kadi hapigi. Aliyepewa hifadhi hapigi. Anayesubiri kesi yake ndiyo kabisa asiguse. Fomu ya kuomba uraia inakuuliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura nchini humu, na jibu baya hapo linaweza kukukosesha uraia, hata kukufukuzisha nchini. Mtego wenyewe hauji kwa sura ya mtego. Unakuja unapofuata leseni ya udereva, maswali yanapita mbio, nawe umelelewa kumwitikia mwenye ofisi kwa heshima: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama mmoja aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kama mimi alisimamishwa nje ya duka na kijana mwenye karatasi, akashika kalamu ili asimvunje moyo. Binti yake ndiye aliyemwahi. Ukiulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura na wewe hujala kiapo cha uraia, sema hapana, utabasamu, uondoke.

Ukishakula kiapo, Maine ni jimbo la upole. Kwa posta, fomu ya kujiandikisha inatakiwa ifike siku 21 kabla ya uchaguzi. Kwa kwenda mwenyewe, hata siku ya kura yenyewe wanakuandikisha. Anayeandikishwa mara ya kwanza huonyesha yeye ni nani na anakaa wapi. Na hapo kwenye "anakaa wapi" ndipo nyumba zetu zinapokwama. Bili ya umeme ina jina la baba, mkataba wa nyumba una jina la baba, gari lina jina la baba. Mama amekaa humo miaka sita na hana karatasi hata moja inayosema hivyo. Basi wiki hii fungua ile droo ya barua. Karatasi ya mshahara yenye anwani inafaa, barua ya serikali yenye jina na anwani inafaa. Weka moja kwenye bahasha, uandike juu jina la mwenyewe. Aliyekwisha kuandikishwa haombwi kitambulisho akifika kituoni. Novemba 2025 wapiga kura walilikataa pendekezo la kudai kitambulisho chenye picha. Lakini kama ulihama Portland kuja Lewiston kufuata kodi ya nyumba nafuu, jina lako bado liko kule. Mwone karani wa mji alihamishe.

Sasa Juni, mwezi ambao watu wetu wanaupuuza. Tarehe 9 Juni ni mchujo, kila chama kinachagua mtu wake. Ukisubiri Novemba, utakuta wagombea wengi uliowasikia redioni hawapo tena, na unabaki kuchagua kati ya watu waliochaguliwa na wenzako. Tangu 2024, asiyejiandikisha na chama chochote anaruhusiwa kuingia mchujo wa chama kimoja anachokitaka. Aliyejiandikisha na chama anapiga kwenye chama chake tu, na kukihama ni lazima awe amefanya hivyo siku 15 kabla. Kuna wanaoshangaa kituoni kuambiwa wao ni wanachama. Waliweka alama ya chama kwenye fomu bila kujua. Muulize karani umeandikwaje. Ni swali la dakika moja.

Katika mchujo huo utapewa karatasi ya kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wameifanya ionekane hesabu ngumu, na sijui kwa nini, maana kila mtu aliyewahi kutumwa samaki sokoni Kigoma anaijua. Mama anakwambia: niletee kuhe, kama hakuna, leta mgebuka, kama nao hakuna, basi hata dagaa. Hakupi shilingi mara tatu, anakupa mara moja na maelekezo. Vivyo hivyo kura yako ni moja. Kama hakuna aliyepita nusu, wa mwisho anatolewa, na waliompenda yeye kura zao zinahamia kwa chaguo lao la pili, hivyo hivyo mpaka mmoja apite. Juni 2018 Mills alipata tiketi ya chama chake kwa njia hiyo. Kumwandika mtu mmoja safu zote hakumwongezei kitu. Ni kumtuma mtoto kuhe, kuhe, kuhe.

Novemba ni habari nyingine. Wapiga kura waliupitisha mtindo huu 2016, lakini 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine walitoa maoni kwamba kwa uchaguzi mkuu wa gavana unagongana na katiba ya jimbo, ambayo inampa ushindi mwenye kura nyingi hata kama hazifiki nusu. Ndiyo maana 2018 na 2022 gavana alichaguliwa kwa alama moja tu, huku wagombea wa Kongresi kwenye siku hiyo hiyo wakipangwa. Ukifika, itazame karatasi kabla ya kushika kalamu: ikiwa na safu za wa kwanza na wa pili, panga, ikiwa na safu moja, chagua mmoja. Na tofauti hiyo si ya mapambo. Mwaka 2010 Paul LePage alishinda kwa chini ya asilimia 38, kwa sababu waliobaki waligawana. Angus King, mgombea binafsi, aliingia 1994 kwa kama asilimia 35. Kwa hiyo anayekuja na mgombea wa tatu mzuri mwulize pia hesabu.

Halafu jiulize gavana mwenyewe ni wa kazi gani. Maine haina naibu gavana, na Katibu wa Jimbo, Mwanasheria Mkuu na Mweka Hazina wanachaguliwa na Bunge la jimbo. Katika serikali ya jimbo, gavana ndiye peke yake anayepigiwa kura na jimbo zima. Uzito wake tumeuona kwa macho. Novemba 2017 wananchi walipiga kura kupanua MaineCare, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. LePage akagoma kuitekeleza, mwaka ukapita, kesi zikaenda mahakamani. Mills alipoingia Januari 2019, amri yake ya kwanza ilikuwa kuianzisha. Kura ile ile, sheria ile ile, gavana tofauti. Msaada wa kodi ya nyumba unaopitia ofisi ya mji nao hulipwa sehemu kubwa na jimbo, na waliokuwapo mwaka 2014 na 2015 wanakumbuka vuta nikuvute ya kama waomba hifadhi waupate au la.

Lakini mgombea akikuahidi vibali vya kazi au kuharakisha kesi za hifadhi, mwulize atavipata wapi. Hayo ni ya serikali kuu, Washington. Cha kumbana nacho ni shule, kliniki, nyumba, na jinsi polisi wa jimbo wanavyoshirikiana na maofisa wa uhamiaji.

Anayefanya zamu mbili asisubiri siku yenyewe. Maine hakuna haja ya kutoa sababu ya kupiga kura kabla: omba karatasi ya kura mapema, mwisho wa kuomba kwa kawaida ni Alhamisi kabla ya uchaguzi, ijaze nyumbani, uweke sahihi nje ya bahasha ya kurudishia, na ihakikishwe imefika kwa karani kabla ya saa mbili usiku wa siku ya kura. Kufika, siyo kutiwa posta. Sahihi ndiyo inayosahaulika. Asiyesoma Kiingereza ana haki kwa sheria ya nchi kuingia na mtu wake wa kumsaidia, yeyote isipokuwa mwajiri wake au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Nawaomba tu tusiwatume watoto wadogo kazi hii. Nimemsikia mtoto akimwambia babu yake "chagua huyu, yule mbaya" na babu akajaza.

Na kalamu. Kile kiduara mbele ya jina kijazwe chote wino. Mzee mmoja wetu, mwalimu wa zamani, aliweka vema safi nyekundu kama anayesahihisha madaftari, kwa peni aliyokuja nayo mfukoni. Nikamwambia mashine inaweza isiione. Akaitazama kazi yake, akaona aibu kuomba karatasi nyingine, akidhani ni kosa la jinai. Ukiharibu, rudisha, wanakupa nyingine. Alirudisha. Akajaza kiduara polepole, ulimi nje, akaniuliza kama kimejaa.