Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mwanasiasa wa Kikabaila wa Ujerumani: Mfano wa Seckendorff

Anayekusudia kuandika maisha ya Veit Ludwig von Seckendorff, aliyezaliwa Herzogenaurach mwaka 1626, asianze na nasaba. Ukoo wake ulikuwa wa kale na wenye jina huko Franconia, eneo la kusini mwa Ujerumani, lakini ukoo hauelezi kwa nini aliheshimiwa. Anza na Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), ambamo Wasweden walipigana na Kaisari, mtawala mkuu wa Ujerumani, kwa kuwa ndivyo vilivyomlea na kumfanya yatima. Baba yake, Joachim Ludwig, alikuwa afisa katika jeshi la Wasweden, na tarehe 3 Februari 1642 aliuawa mjini Salzwedel kwa kosa la kuwasiliana na upande wa Kaisari. Kijana alikuwa na miaka 15. Waliomgharimia masomo ya sheria na historia huko Strassburg walikuwa maafisa wa jeshi lilelile lililomuua baba yake. Usilipite jambo hili kwa haraka.

Kisha andika watawala aliowatumikia, kwa mfuatano wa miaka. Ujerumani ya wakati huo ilikuwa mkusanyiko wa tawala nyingi, kubwa kwa ndogo, chini ya Kaisari mmoja, hivyo neno "kansela" lisisomwe kwa maana ya leo: kansela wa Gotha aliongoza shughuli za serikali ya nchi ndogo tu. Seckendorff alimtumikia Ernst wa Gotha, aliyeitwa Mcha Mungu, na mwaka 1664, punde tu baada ya kupewa ukansela, akahamia kwa Moritz wa Zeitz ili apunguziwe mzigo wa kazi. Waliachana kwa wema, na jambo hilo lisemwe wazi, maana msomaji atadhani walikosana.

Sehemu inayostahili nafasi kubwa kuliko zote ni kitabu chake "Teutscher Fürstenstaat" (yaani, Dola ya Mtawala wa Kijerumani) cha mwaka 1656, alichokitoa kabla ya kutimiza miaka 30. Humo anaeleza kwanza nchi na watu wake, halafu uendeshaji wa serikali, kisha mali na mapato ya mtawala, kuanzia mashamba na misitu hadi ushuru. Isome sehemu ya mapato taratibu, kalamu mkononi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtumishi wa umma anapoonekana waziwazi kuliko katika barua yoyote ya sifa.

Kuhusu tarehe, nchi za Kiprotestanti za Ujerumani zilitumia kalenda ya zamani (ya Julius) hadi mwaka 1700, nayo katika karne ya 17 ilikuwa nyuma ya kalenda tunayotumia leo kwa siku 10. Chagua kalenda moja na umweleze msomaji mapema.

Alifariki Halle tarehe 18 Desemba 1692 kwa kalenda ya zamani, wiki chache tu baada ya kuteuliwa kansela wa chuo kikuu kipya cha mji huo, kwa hiyo usimhesabie kazi ya kukijenga. Unapoeleza miaka yake ya mwisho, zingatia Meuselwitz, shambani kwake, alikostaafu baada ya kifo cha Moritz mwaka 1681 na kuandika historia ndefu ya Ulutheri kwa Kilatini, akimjibu Mjesuiti Mfaransa Louis Maimbourg, aliyeandika kitabu cha kuupinga Ulutheri, kwa hati zilizotoka katika nyaraka za watawala wenyewe.