SOMO: Mvua zikianza usikimbilie jembe, acha bustani ikufanyie sapraizi

Wakuu habari zenu. Huku kwetu Mtwara mvua ni msimu mmoja tu, Novemba Desemba hivi mpaka Aprili au Mei, so ukiiharibu bustani mwanzoni basi imekula kwako mpaka mwakani. Leo naongelea maua yanayojiotea yenyewe.

1. Mvua ya kwanza ikipiga, fagio na jembe weka pembeni wiki mbili tatu. Najua huku uwanja usipofagiliwa asubuhi mpaka mchanga uonyeshe mistari watu wanakuona mvivu, sawa fagia, ila kwenye tuta la maua pasiguswe maana ndo mnapozoa mbegu zote na kwenda kuzitupa jalalani.

2. Jifunze miche. Zinia majani yake yanakaa mawili mawili yanatazamana, ukishika yanakwaruza. Ukiona kama nyasi ila nene na laini usivute, fukua na kidole, ukikuta kitu kama kitunguu funika haraka, ni lile ua dogo la pinki linalochanua siku chache baada ya mvua kubwa.

3. Hapa ndo penye utamu sasa. Scadoxus, lile ua la duara jekundu. Kiangazi chote hulioni, pakavu kabisa, halafu mvua zikianza unaona ncha inapasua mchanga, shina lina madoadoa ya zambarau, mara nyingi jani hata moja hamna, mara paap limefunguka tufe la nyuzi nyekundu kubwa kuzidi ngumi. Chomeka kijiti pale usije ukapachimba kiangazi, na majani yakija usiyakate hadi yakauke yenyewe, ndo yanalisha kitunguu.

MASWALI

Swali: Mkuu niko Lindi, yale maua yanayofunguka saa kumi jioni nilikuwa nayo mekundu na meupe tu, mbona sasa kuna pinki?
Jibu: Yamechavushana hayo. Panda mbegu za hilo pinki uone, utapata mekundu, meupe na pinki tena.

Swali: Dada, mbuzi wa jirani akila hilo duara jekundu?
Jibu: Lina sumu, hasa kitunguu chake. Weka wigo, na watoto wasilichezee.

Swali: Na kuku je?
Jibu: Kwa kuku hamna sapraizi ndugu yangu, wanaparua kila kitu. Tandaza matawi ya mchongoma juu ya tuta mpaka miche ifike shubiri.