Kumlisha Mbwa kwa Gharama Nafuu Bila Kumkondesha

Nyumba nyingi hubana matumizi ya mbwa mahali pasipofaa: hupunguza kitoweo na kuongeza ugali. Mbwa hushiba, lakini baada ya miezi michache manyoya yanapukutika, mgongo unachongoka, na pesa iliyookolewa inaishia kwa daktari wa mifugo. Pa kubana ni kwenye aina ya kitoweo, kwenye mkaa, na kwenye chakula kinachobaki bakulini na kumwagwa.

Anza na kipimo. Mbwa mzima wa kilo 20 anayelinda nyumba tu anahitaji kalori 900 hadi 1,000 hivi kwa siku. Atazipata kwenye gramu 150 za unga wa dona, gramu 60 za dagaa wakavu, gramu 150 za mapupu ya ng'ombe, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, na konzi moja ya boga au mchicha. Gawa milo miwili, asubuhi na jioni. Mbwa wa kilo 10 hapewi nusu ya hapo; mwili mdogo hula zaidi kwa kila kilo, kwa hiyo mpe kama asilimia 60. Wa kilo 30 apewe asilimia 135. Kila baada ya wiki mbili pitisha vidole ubavuni: ukizigusa mbavu bila kukandamiza, kiasi kinatosha. Zikionekana kwa mbali, ongeza. Ukizitafuta usizipate, punguza unga, kitoweo kibaki vilevile.

Dagaa ndio wanaokoa pesa kuliko kitu kingine chochote. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, mbwa anapata madini ya mifupa humohumo. Nunua wale wasiotiwa chumvi, msimu wanapokuwa wengi. Wanaouzwa kwa ajili ya kuku ni rahisi zaidi, ila mara nyingi wamejaa mchanga. Tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika moja, uangalie chini. Mchanga ukiwa mwingi, bei hiyo si nafuu tena, maana umelipia mawe. Walio na ukungu au harufu ya mafuta yaliyochacha usiwachukue hata kwa bure.

Ukifika nyumbani waoshe haraka, waanike juani hadi wavunjike wakibanwa, wakaange kidogo bila mafuta, kisha uwatwange kwenye kinu. Unga huo weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Pima gramu 60 kwa mizani mara moja, mimina kwenye kikopo na chora alama. Kuanzia hapo huhitaji mizani.

Mapupu na bandama uliza buchani jioni, kabla hawajafunga. Yote yapikwe. Maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu la mbwa, ambalo mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa na kuwaingia watoto wanaocheza naye. Kata vipande vidogo, chemsha nusu saa tangu maji yatokote. Maini yasizidi mara mbili kwa wiki, na kidogo tu, kwa sababu vitamini A ikizidi huharibu mifupa.

Mchuzi huohuo wa mapupu ndio upikie dona. Kwa gramu 150 za unga tumia nusu lita na ushee, upate uji mzito, uive dakika 20 kamili. Unga usioiva vizuri humharisha. Dagaa na mafuta vitie mwishoni, ukishaepua. Mwenye friji apike cha siku tatu kwa moto mmoja. Asiye nayo apike kila siku, na siku ambayo hakuna mapupu aongeze dagaa hadi gramu 90. Siku za nyama bila dagaa, tia nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini.

Jihadhari sana na mahindi yaliyooza na pumba zake. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na mbwa huathirika nayo haraka kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Akigoma kula, akitapika, macho au fizi zikawa za njano, acha unga huo mara moja na umpeleke kwa daktari. Usimpe pia mabaki yenye vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hukatika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Kama sasa anakula chakula cha mfuko, usikiondoe kwa siku moja. Robo ya chakula kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha chote. Mtoto wa mbwa muache kwenye chakula cha mfuko cha watoto hadi afikishe mwaka, maana mifupa yake bado inakua na kosa dogo la madini humpinda miguu.