Bakteria Rafiki wa Udongo: Namna ya Kukinga Miche ya Nyanya dhidi ya Kinyausi na Mnyauko

Mkulima wa nyanya anapokuta miche yake imelala kitaluni asubuhi, mashina yakiwa yameoza pale yanapogusana na udongo, dalili ya ugonjwa wa kinyausi, kwa kawaida hukimbilia duka la pembejeo kutafuta dawa. Kwa upande wa bakteria rafiki, wakati huo tayari umechelewa. Viumbe hawa hawaponyi mche ulioshambuliwa. Hulinda kwa kuwahi kukalia mizizi, kuizungushia utando na kula sukari inayotoka humo kabla vimelea vya ugonjwa havijafika.

Ninapendekeza kuanza na Bacillus subtilis, kwa kuwa hujigeuza spora, yaani chembe ngumu inayostahimili ukame na joto, na hivyo unga wake huweza kukaa dukani bila kufa upesi. Pseudomonas fluorescens naye ni mlinzi mzuri, lakini hatengenezi spora, kwa hiyo bidhaa yake huhitaji kutunzwa kwa uangalifu zaidi na kutumiwa mapema. Zaidi ya kuwahi nafasi, Bacillus hutoa kemikali zinazoharibu utando wa seli za kuvu, na pia huuamsha mmea wenyewe ujihami. Unaponunua, hakikisha bidhaa imesajiliwa, kwa Tanzania na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na kwa Kenya na PCPB (bodi ya kudhibiti viuatilifu), kisha usome tarehe ya mwisho wa matumizi na idadi ya bakteria hai kwa gramu.

Tayarisha tuta la kitalu kwanza. Ukitaka kuua vimelea kwa jua, limwagilie tuta, lifunike kwa nailoni angavu na uliache wiki 4 hadi 6 za jua kali. Bakteria huwekwa baada ya hapo, si kabla, kwani udongo uliopigwa na joto hubaki na nafasi nyingi zilizo wazi, na atakayetangulia kuingia ndiye atakayeenea. Changanya pia mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na huweza kuleta magonjwa.

Maji nayo yanahitaji uangalifu ambao wengi hawauzingatii. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha, na pampu iliyobeba dawa ya kopa (shaba) ioshwe vizuri, kwa sababu kopa huua bakteria wabaya na wazuri bila kubagua.

Kwa kufuata kipimo cha lebo, paka mbegu unga wa bakteria siku ya kusia, kisha mwagilia mchanganyiko wa unga huo na maji kwenye udongo wa kitalu miche inapotoa majani yake ya kwanza ya kweli. Siku ya kuhamisha miche, chovya mizizi katika mchanganyiko kwa dakika 15 hadi 30 na upande jioni, jua likiwa limepoa. Rudia kumwagilia shinani shambani kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye lebo.

Mnyauko bakteria unahitaji tahadhari ya pekee. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina na ukining'inize katika glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, nyuzi za ute mweupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, ugonjwa ndio huo. Hapo bakteria rafiki pekee hawatatosha. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uzuie maji ya mfereji yasipite hapo kuelekea mimea mingine, na kwa misimu kadhaa usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo; mahindi yanafaa zaidi.

Msimu wa kwanza, acha tuta moja bila bakteria, ulipe mbegu, maji na mboji sawa na mengine, na uhesabu miche iliyoanguka katika kila tuta kila asubuhi hadi siku ya kuihamisha.